Jina Asilolitamka Bibi

Daftari hili naliandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mdogo wangu wa miaka tisa, anayepekua kila kitu changu. Kiswahili anakisikia chote lakini kukisoma hawezi, na akikuta ukurasa umejaa hivi anaurudisha chini ya godoro kwa hasira. Ya pili ni kwamba kwa Kiingereza naona aibu hata nikiwa peke yangu.

Jina letu la ukoo ni la Kijerumani. Sitaliandika hapa, kwa heshima ya bibi, na nikifika mbele itaeleweka kwa nini. Kila mwaka siku ya kwanza ya shule, hapa Louisville, mwalimu akiita majina na kufika kwetu huinua macho akitafuta mtoto wa Kizungu. Mimi huinua mkono mpaka usawa wa sikio, basi. Mwaka huu mwalimu wa historia hakuishia hapo. Alisema jina hilo lilikuwa limeandikwa juu ya duka la mikate katika mji wa mama yake, akauliza, "Limefikaje kwako?" Darasa zima likageuka kunitazama. Nikasema sijui.

Akatupa kazi sote: kila mtu afuatilie jina la ukoo wake mpaka atakapokwama.

Baba yangu hupakia vifurushi kwenye ndege za mizigo. Yeye akirudi ndipo sisi tunaamka. Asubuhi iliyofuata nilimkuta mlangoni anavua viatu.

"Baba, jina letu limetoka wapi?"

"Kwa babu yangu. Miye nilipewa jina lake, njo vile."

"Na yeye alilitoa wapi?"

"Alizaliwa Kigoma wakati wa Wadachi, ni kusema Wajerumani. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka kwetu Kongo, wakaenda kufanya kazi ya reli." Akavuta soksi moja, akaiangalia tundu lake. "Bon, watu walikuwa wanasema alikuwa mweupe kidogo. Labda kuna Mjerumani mule ndani. Nani anajua? Muulize bibi yako."

Bibi anakaa Columbus na shangazi, na hazungumzi mambo marefu kwenye simu. Anasema simu inakula maneno. Kwa hiyo nilifungua kompyuta ya maktaba nikatafuta mwenyewe.

Nilijifunza kwamba jina letu maana yake ni mtengeneza mapipa. Zamani kila kijiji cha Ujerumani kilikuwa na mtengeneza mapipa wake, na siku watu walipotakiwa kuwa na majina ya ukoo, wengi waliandikwa kwa kazi zao. Kwa hiyo jina halikuanza na mtu mmoja. Kuna koo nyingi zenye jina hilo ambazo hazina damu moja, na zimetapakaa: wako wanaolima soya Brazili, wako Namibia, wako Australia, wako wengine ambao wazee wao walikwenda Urusi wakaishia Kazakhstani. Nilisoma mpaka mkutubi akaanza kuzima taa.

Halafu nikakuta tovuti ya umoja wa ukoo mmojawapo. Hukutana kila mwezi wa kumi, na mwaka huu walikuwa wakutane Kenmore, juu kidogo ya Buffalo. Chini kabisa palikuwa na maneno haya: tunamtafuta mtu wetu aliyekwenda Afrika ya Mashariki kujenga reli kabla ya vita vya kwanza, barua yake ya mwisho ilitoka karibu na Ziwa Tanganyika.

Nikamwandikia katibu wao. Sentensi tatu tu, lakini zilinichukua siku mbili.

Alinijibu siku hiyohiyo, barua ndefu. Alikuwa mama wa miaka sabini na nane, mstaafu wa ofisi ya kiwanda kimoja huko Tonawanda. Yule mtu wa reli alikuwa ndugu mdogo wa babu yake. Babu yake alikuja Buffalo, mdogo mtu akaenda Afrika, na tangu vita vianze hakuna aliyejua kama alikufa, au alioa, au aliamua tu kutorudi. Babu yake alimngoja mpaka anaingia kaburini. Mwishoni aliuliza: "Je, ninyi ni uzao wake?"

Nilichokuwa nacho mkononi ni ile "labda" ya baba. Nikaandika: "Ndiyo, nadhani."

Ile "nadhani" hakuiona, au hakutaka kuiona. Siku tatu baadaye alinitumia picha ya chati yao. Chini ya jina la yule mtu wa reli palichorwa mstari wa nukta, na mwisho wa mstari kisanduku, na ndani ya kisanduku mimi. Alisema watu wote wa ukoo wameambiwa, na tunangojwa Kenmore.

Niseme ukweli, kwa kuwa daftari ni langu. Nilifurahi. Shuleni nakula chakula cha mchana kwenye ngazi za nyuma ili nisichague meza. Sasa palikuwa na ukumbi mzima wa watu wanaoningoja mimi.

Baba aliomba ruhusa ya siku tatu. Mama alibaki na mdogo wangu, kwa sababu wazee anaowahudumia hawana Jumamosi wala Jumapili. Tulitoka Louisville Ijumaa asubuhi, na mchana tukawa Columbus kwa shangazi.

Shangazi anapika katika bwalo la wanafunzi wa chuo kikuu na amepanga ghorofani karibu na hapo. Wanafunzi wakifunga chuo hutupa makochi yao kando ya barabara, na shangazi ana macho ya mwewe. Viti vyote vya sebuleni kwake vimesoma chuo kikuu, baba husema. Bibi alikuwa amekaa kwenye kimojawapo akichambua maharage.

"Karibu, baba mkwe," alimwambia baba. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mke mwenzangu, mbona umekonda? Mume wetu hakulishi?"

Bibi huniita mke mwenza kama bibi wote wanavyowatania wajukuu. Lakini kumwita mwanawe wa kumzaa "baba mkwe," hilo nililikuta hivyo tangu kambini Tanzania na sikuwahi kuliuliza. Nilidhani ni utani mwingine.

Nilikuwa nimesahau pia ile habari ya kliniki. Mwaka jana bibi alikwenda kupimwa presha, na mkalimani wa kwenye simu akamuuliza jina la ukoo. Bibi akanyamaza. Akaulizwa tena, akatazama dirishani. Basi daktari akaanza kumuuliza leo ni siku gani, akamwonyesha picha ya simba na ya saa, akamwambia ahesabu kurudi nyuma. Bibi akajibu yote. Wakarudi kwenye jina: kimya. Shangazi alipofika anahema, bibi alikuwa amekasirika. "Wananiuliza jina la baba mkwe mbele ya watu! Hawa watu hawana adabu?"

Kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba wa mume wake. Hata huyo baba mkwe akifa, halitamki. Na baba yangu alipewa jina la babu yake, yaani baba mkwe wa bibi, kwa hiyo tangu siku alipozaliwa mama yake mzazi hajawahi kumwita kwa jina. Kisha kambini, tulipofanyiwa mahojiano ya kuja Amerika, wakamwuliza baba jina la ukoo. Sisi hatuna jina la ukoo, kila mtoto hupewa lake. Baba akataja la kwake, na tukaandikwa sote kwa hilo. Bibi naye. Ndipo akawa anatembea na kadi yenye jina asiloweza kulisema.

Tulikula, tukanawa, nikamwonyesha bibi ile picha ya chati kwenye simu. Nikamweleza juu ya yule mama wa Buffalo na mtu wao wa reli, na kwamba sisi ni wajukuu zake. Bibi alisogeza sinia la maharage pembeni.

"Nani kakwambia ni wajukuu zake?"

Nikamtazama baba. Baba akatazama dari.

"Si ulisema babu alikuwa mweupe?" nikamwambia.

"Mweupe, mweupe!" bibi akasema. "Mama yake alikuwa mweupe. Upande wao wote wako vile. Baba mkwe alizaliwa na baba yake na mama yake, kama mtu yeyote."

Ndipo akasimulia. Naandika kama nilivyosikia.

Mama yake baba mkwe alishikwa na uchungu siku mbili, mtoto hatoki. Mkunga aliyejulikana alikuwa ng'ambo ya ghuba. Mume akataka kumvusha kwa mtumbwi, lakini upepo ulikuwa mbaya, na msimamizi wao, Mdachi, alikataa. Mdachi yule alikuwa anaogopa maji kama paka. Hata kunawa miguu ziwani alikuwa hataki. Alisema mwanamke huyu hapandi mtumbwi, atakwenda kwa reli. Akatoa kiberenge, kile kigari kidogo cha mafundi, ambacho siku hizo kilisukumwa kwa mikono. Wakamlaza juu ya mikeka, na Mdachi mwenyewe akavua koti akasukuma pamoja na vibarua watatu, wakazunguka ghuba nzima. Jua halijazama, mtoto akalia.

Baba wa mtoto akamwambia, "Sina mbuzi wa kukupa. Nakupa mtoto aitwe wewe."

"Basi njo hilo jina," bibi akasema. "Lilikuja kama shukrani. Damu hakuna."

"Na yule Mdachi?" baba aliuliza. Nilijua kwa sauti yake kwamba hata yeye alikuwa hajawahi kuisikia habari hii.

"Alikufa. Vita vilikuwa vimeanza, masika ya pili. Homa. Wenzake walikuwa wamekimbia, wakamzika vibarua, kando ya reli. Mama yake baba mkwe alikwenda mazishini na mtoto mgongoni, kwa sababu jina la marehemu lilikuwa pale mgongoni. Na kila mwaka wakapalilia kaburi, mpaka baba mkwe amekua, mpaka wanarudi Kongo."

Akaokota harage moja lililoanguka.

"Baba mkwe alikuwa ananiambia, mkamwana, yule mtu kwao hawajui. Ukimpata Mdachi, mwambie. Mimi nitampata wapi? Vita, ziwa, kambi miaka ishirini. Nimekaa na msiba wa watu miaka hamsini." Akanyoosha kidole kwenye simu yangu. "Na wewe umempata, halafu ukamwambia habari ya uongo."

Shangazi alikuwa anaosha sahani. "Mama, mwache mtoto. Huyo bibi wa watu amefurahi. Kuna ubaya gani? Waende, wale, warudi."

"Donc, au tusiende kabisa," baba akasema. "Nitapiga simu niseme gari limeharibika."

"Mtakwenda," bibi akasema. "Na mimi nakwenda. Msiba haupelekwi kwa simu."

Jumamosi tulitoka alfajiri. Njia nzima, Cleveland, Erie, ziwa lao likitokea na kupotea upande wa kushoto, mimi nilikuwa natunga sentensi ya Kiingereza ya kumwambia yule mama ukweli. Kila niliyotunga ilianza na "samahani" na haikuwa na mwisho. Ofisini na kliniki mimi ndiye mkalimani wa nyumba yetu, na huko sioni aibu, kwa kuwa maneno ni ya wengine. Haya yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeandika "ndiyo."

Ukumbi ulikuwa wa kanisa moja pale Kenmore, na watu kama arobaini, wengi wazee. Soseji, saladi ya viazi, na keki ambayo jina letu limeandikwa juu yake kwa krimu ya bluu. Bibi aliiona akageuza uso. Alikuwa amebeba bakuli la mandazi aliyokaanga usiku wa Ijumaa, na hakuliachia.

Yule mama alitujia kwa fimbo, mdogo wa kimo kuliko nilivyodhani, na kifaa cha kusikia sikioni. Alinikumbatia kabla sijajua niweke mikono wapi. Alinukia sabuni ya mche. Akanivuta mpaka ukutani ilipobandikwa chati, ndefu kama kitenge kizima, akanionyesha kisanduku changu. "Wewe," akasema. "Nimekuandika kwa penseli kwanza. Penseli ni ya wale ambao bado tunathibitisha. Leo nimekuja na kalamu." Akaipapasa kalamu mfukoni mwa blauzi.

Sentensi zangu zote za njiani zilikuwa zimebaki Erie.

Mtu mmoja akaja na lebo za kubandika kifuani, kila moja ina jina la ukoo limeshachapwa. Baba akabandika yake. Bibi akairudisha ya kwake kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayekataa nyama ya mwiko. Yule mama akaniuliza kwa macho. Bibi akasema, "Mwambie akae."

"Anasema ukae," nikatafsiri.

"Oo, sijachoka, nimekaa asubuhi nzima."

"Mwambie akae kwanza. Na apewe maji."

Kwetu mtu hapewi habari ya kifo akiwa amesimama. Sikujua namna ya kulisema hilo bila kuisema habari yenyewe. Baba alivuta kiti, akamletea chupa ya maji, akaifungua kifuniko. Yule mama alicheka kidogo, kisha akamtazama bibi usoni, akaacha kucheka. Akakaa. Akanywa. Watu wa karibu wakanyamaza mmoja mmoja, mpaka ikasikika friji ya ukumbi.

Bibi akakaa mbele yake, magoti karibu yagusane, akaanza. Nikatafsiri. Wazazi waliovuka ziwa. Reli. Uchungu wa siku mbili, mkunga ng'ambo ya ghuba, mtumbwi uliokataliwa, kiberenge. Nilikuwa naendelea vizuri, sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. Halafu bibi akasema: "Mtoto huyo hakuwa wake. Alikuwa wa kibarua wake. Sisi si damu ya mtu wenu, ni wa jina lake tu."

Nikanyamaza.

Ningeweza kuiruka. Baba anajua Kiingereza, lakini alikuwa anaangalia viatu vyake, naye asingesema. Bibi asingejua. Ningesema tu, mtoto akazaliwa, akapewa jina la Mjerumani, kisha Mjerumani akafa kwa homa, na yule mama angetoa kalamu yake. Nilikitazama kisanduku changu ukutani.

"Mbona umenyamaza, mke mwenzangu?" bibi akauliza. "Maneno yangu yamekwama wapi?"

"Yamekwama kwangu," nikamwambia.

"Basi yatoe. Si yako."

Nikayatoa. Nikaongeza sentensi moja ambayo bibi hakuisema: kwamba mimi niliandika "ndiyo" nikiwa sijui. Sikuanza na samahani. Ilikuja yenyewe mwishoni.

Nyuma ya yule mama, mzee mwenye kofia alimnong'oneza mkewe, "Kwa hiyo si wa kwetu," na mkewe akamkanyaga mguu. Niliona aibu mpaka kwenye nywele. Bibi hakungoja. Akaendelea na masika ya pili, na homa, na vibarua waliochimba, na mtoto mgongoni, na kaburi lililopaliliwa kila mwaka. Alipomaliza akaweka mkono juu ya goti la yule mama. "Pole, mama. Tumechelewa kukuletea. Njia ilikuwa mbaya."

Nikalitafsiri hilo pia, na sauti yangu ilirudi kuwa yangu, ikakatika.

Kisha yule mama akaniuliza, polepole, "Hebu muulize tena. Kwa nini hakutaka mtumbwi?"

"Alikuwa anaogopa maji," bibi akasema. "Kama paka."

Yule mama akaweka kiganja mdomoni. Alituambia kwamba nyumbani kwao Ujerumani kulikuwa na mto na pantoni, na ndugu wa babu yake hakuwahi kuipanda, alikuwa anatembea nusu siku mpaka darajani. Kaka zake walimcheka. Aliposema anakwenda Afrika kwa meli walidhani anatania. Babu yake alikuwa akiisimulia hiyo kila Krismasi, anacheka, halafu anatoka nje.

"Hata hivyo anaweza kuwa mtu mwingine," akasema. "Watengeneza mapipa tulikuwa wengi."

"Anaweza," nikasema.

"Lakini nimeshampokea huyu." Akatoa kitambaa, akalia, bila kelele, na bibi akalia naye, kama inavyotakiwa. Baba akasimama nyuma yao ameshika chupa ya maji.

Baadaye, watu walipokuwa wameshamaliza mandazi na kuulizana yametiwa nini, yule mama alichukua kifutio akaenda kwenye chati. Alinitazama kwanza. Nikatikisa kichwa kukubali. Akafuta mstari wa nukta, akafuta kisanduku, akapuliza vumbi la kifutio. Naandika ukweli tena: iliniuma. Ni kisanduku tu cha penseli, lakini nilikuwa nimekaa ndani yake miezi miwili.

Kisha akatoa kalamu. Penye alama ya kuuliza, chini ya jina la ndugu wa babu yake, akaandika kwa wino: alikufa kwa homa, kando ya reli, akazikwa na watu wake. Alimuuliza bibi kama ni sawa, "watu wake." Bibi akasema ni sawa.

"Sasa ninyi nitawaandika wapi?" akauliza.

Nilipomtafsiria, bibi alishangaa kwamba mtu mzima anauliza jambo jepesi namna hiyo. "Aliyepewa jina ni yeye. Mtu wao alipokufa, jina lilikuwa kwa baba mkwe. Baba mkwe alipokufa, jina likaja kwa huyu." Akamwelekeza baba kwa kidevu. "Kwa hiyo huyu ni babu yake. Amsalimie."

"Mama, niache," baba akasema, anarudi nyuma.

"Usikimbie, babu wa watu."

Yule mama alicheka, machozi hayajakauka. Akataka kujua babu anasalimiwaje. Bibi akamfundisha shikamoo, tuliyoizoea Tanzania. Akajaribu mara mbili, akasimama wima kwa fimbo yake, miaka sabini na nane, mbele ya baba yangu mwenye hamsini na shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa, akasema, "Shikamoo."

Baba alitazama milango yote. "Marahaba," akasema, kwa sauti ndogo kama yangu.

Bibi akaomba sasa apewe lebo, lakini tupu. Akaniambia niandike "Mkamwana." Akaibandika juu ya kitenge, na alasiri nzima watu walimwita hivyo, wakidhani ndilo jina lake, naye akawa anaitika.

Tulipokuwa tunaaga, yule mama alinishika mkono. Aliniuliza, ikiwa kwetu kila mtu hupewa jina la mtu, mimi langu la kwanza ni la nani. Hapakuwa na wa kumtafsiria, bibi alikuwa ameshaingia garini. Nikamweleza mwenyewe. Ni la mwanamke aliyempisha mama kwenye foleni ya maji, kambini, asubuhi ile uchungu ulipomshika. Alimjazia ndoo, akambebea mpaka kwenye hema. Mama hakumwona tena. Alijua jina lake tu, kwa kuwa watu wa foleni walilipigia kelele.

"Na watu wake wanajua kwamba upo?" akauliza.

Nikasema hapana.

Alinipa penseli yake, ile fupi, yenye kifutio kilichobaki robo. Ninaandika nayo sasa hivi. Mdogo wangu ameshaniuliza mara mbili naandika nini, na mara hii nimemwambia aje akae, nitamsomea.